Njia Iliyofukiwa Uani

Mwaka wa pili baada ya mume wangu kupigwa na kiharusi, alikuwa akija nyumbani kwetu mwanamke mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo kwa umri, mpole, na mkoba wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Siku moja mwishoni mwa baridi alimsimamisha mume wangu sebuleni, akamtembeza na fremu yake ya chuma kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, kisha akaniuliza kama tuna mahali pa nje pa kumtembeza. Mlango wetu wa mbele una ngazi tatu, na ukishazishuka uko barabarani. Nikamwambia tuna ua.

"Naweza kuuona?"

Nilishikwa na haya hata kabla sijainuka. Mlango wa jikoni wa kutokea uani ulikuwa haujafunguliwa kwa baridi mbili mfululizo, ikabidi niusukume kwa bega. Miiba ilikuwa imetambaa mpaka usawa wa dirisha. Katikati palikuwa na kochi walilotuachia wapangaji waliotutangulia, limeoza na kuota ukungu wa kijani, na pembeni majani yale yanayowasha ukiyagusa. Yule binti alitazama kwa muda, akasema kwa upole kwamba kama pangekuwa na njia iliyo sawa, hata ya hatua chache, ingemsaidia sana mgonjwa. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nikaufunga mlango, nikamkaribisha chai, na habari za ua zikaishia hapo.

Sitaki kuutia chumvi uchovu wangu wa siku zile. Nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba moja ya kulelea wazee, mabasi mawili kutoka mtaani kwetu Winson Green, huku ugenini. Kabla ya kutoka nilimwosha mume wangu, nikamvisha, nikamnywesha chai, nikamkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha la mbele, ambapo kwa mbali unauona ukuta wa jela na mwisho wa mtaa. Saa sita alikuja mama wa huduma kumpa chakula na kumpeleka choo, nusu saa tu, akaondoka. Mimi nilirudi saa tisa. Tangu saa moja asubuhi nilikuwa nimekunja mashuka ya watu, na nilipofika nyumbani nilianza na mashuka ya kwetu.

Mume wangu alikuwa msemaji. Alikuwa akisomesha watoto Kurani siku za Jumamosi, na sauti yake mtaa mzima ukiijua. Kiharusi kilimwachia maneno mawili, "basi" na "hapana". Kulikuwa na "basi" ya kiu, na "basi" ya choo, na "basi" ya kunishukuru, na moja ambayo ilikuwa ghadhabu tupu. Nilijifunza kuzitofautisha kama mtu anavyojifunza vilio vya mtoto mchanga. Kujifunza kitu kama hicho nako kunachosha, maana huna siku ya kupumzika kusikiliza.

Ramadhani iliisha, Idi ikapita kimya kimya. Siku ya pili ya Idi binti yetu alipiga simu kutoka London. Mimi husema naye Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza. Hivyo ndivyo tulivyo tangu yuko shule ya msingi. Aliniambia kwamba amekuwa akisoma habari za nyumba za kulelea wagonjwa, kwamba ziko nzuri siku hizi, na kwamba hakuna atakayenilaumu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nafua mashuka ya nyumba hizo. Najua yanavyotoka na najua yanavyorudi."

Kisha akasema ananihofia mimi, si baba peke yake.

Nilikata simu nikiwa na hasira, lakini si hasira ya maneno yake. Ilikuwa kwamba, kwa muda wa pumzi moja, nilikuwa nimekiona chumba kile kwenye nyumba ile, na mlango wake ukifungwa, na mimi nikitembea kurudi kituo cha basi mikono mitupu. Na nilikuwa nimeona raha.

Sikuweza kukaa ndani na jambo hilo. Mume wangu alikuwa amelala. Nikachukua mkasi wa jikoni, ule wa kukatia mapezi ya samaki, nikausukuma mlango wa nyuma kwa bega, nikaanza kukata mwiba uliokuwa karibu nami. Nilivaa kandambili na baibui la nyumbani. Nikakata wa pili. Miiba ilinichana mikono, nami sikujali, nilikuwa naikata kama ndiyo iliyonipigia simu. Sijui ni muda gani ulipita. Nakumbuka nilipoinua kichwa kulikuwa na jua, jua lile la kwanza la machipuko ambalo halina joto lakini lina mwanga, na nimesimama kwenye kipande cha ardhi kisichozidi msala wa kusalia, na kwa dakika zote hizo sikuwa nimefikiri kitu.

"Eh, mama! Uko nakata ile miti na makasi ya jikoni?"

Alikuwa jirani yangu, akinichungulia juu ya uzio wa mbao. Ni mama wa Kikongo, kutoka upande wa Bukavu, mjane, amenizidi miaka kama kumi. Tulikuwa tumekaa ukuta kwa ukuta miaka sita na hatukuwahi kupita salamu. Yeye na kwaya yake ya kanisani, mimi na mambo yangu, kila mmoja akimwona mwenziwe ana kwao.

"Ndio nilio nao, mama," nikamwambia.

"Hapana, hapana. Ngoja."

Akapotea, akarudi na jembe. Jembe la kweli, la kwetu, bapa la chuma na mpini mfupi uliolainika kwa mikono. Sikuwa nimeshika jembe tangu nilipokuwa msichana nikimsaidia bibi yangu kwenye muhogo.

"Ndugu yangu alilileta ndani ya valizi," alisema akinipitishia juu ya uzio. "Chuma tu, mti tuliweka huku. Kule aeropoti balimuuliza, ni kitu gani hii? Akasema, ni ya mama, ya kulima. Balicheka, bakamuacha."

Nikacheka na mimi. Alinitazama mikono, alama za damu, na kandambili zangu.

"Unatumika sana, mama," akasema. "Mi nakuonaka kila siku. Unatumika sana."

Machozi yakanitoka pale pale, mbele ya mtu ambaye simjui. Kwa Kiswahili chao kutumika ni kufanya kazi, hilo nalijua sasa, alikuwa ananisifu. Lakini kwetu sisi kinachotumika ni ndoo, ni kitambaa cha kufutia meza, ni kanga mpaka ikapauka. Nilihisi kwamba mtu hatimaye amenitazama na kuniita kwa jina langu. Yeye alishtuka, akadhani miiba imenichoma jicho. Nilipomweleza alivyonisemea na nilivyosikia mimi, akasema, "Bon. Yote mbili ni kweli."

Tangu siku hiyo nikawa natoka uani kila nirudipo kazini, saa nzima, wakati mume wangu amelala usingizi wake wa alasiri. Ningepaswa kulala na mimi. Kila mtu aliniambia hivyo, na mwili wangu uliniambia hivyo zaidi ya wote. Mgongo uliniuma, magoti yaliniuma, na kazini mwenzangu aliniuliza kwa nini kucha zangu ni nyeusi na mimi nashika mashuka meupe. Lakini uchovu wa uani haukuwa ule wa mashuka. Shuka ukishaikunja, kesho inakuja tena, ile ile, na doa lile lile. Mwiba ukiung'oa na mzizi wake, umeung'oa. Unaugeuza mkononi, unaona udongo umeshikamana nao, unautupa kwenye gunia. Pale ulipokuwa pana nafasi, na kesho unapokuja nafasi ipo bado. Kwa miaka miwili sikuwa nimefanya kazi iliyobaki imefanyika.

Kochi lilikuja kuchukuliwa na gari la manispaa. Chini yake palikuwa na zulia, na chini ya zulia udongo mweusi uliojaa nyungunyungu. Kuna kindege kidogo chenye kifua chekundu kilichokuja kila siku kusubiri nipige jembe, kikishuka hatua mbili kutoka miguuni mwangu bila woga. Jirani yangu hakuingia kunisaidia kulima, kwa sababu ya moyo wake, daktari alimkataza. Alikaa upande wake juu ya kreti, nikimwona kichwa tu, akimenya viazi au akiimba kwa sauti ya chini, na mara kwa mara akinipa amri. "Ile mzizi, usiiache. Itarudia." Au, "Doucement, polepole, mama. Shamba haikimbii."

Ilikuwa wiki ya tatu au ya nne jembe lilipogonga kitu kigumu, hatua moja tu kutoka mlango wa jikoni. Nilidhani ni jiwe. Nikalisogeza jembe pembeni, likagonga tena. Nikapiga magoti, nikakwangua kwa mikono, nikaona tofali. Halikuwa jekundu kama la nyumba zetu, lilikuwa buluu iliyokolea, karibu na nyeusi, gumu kama chuma, na juu yake limekatwa mistari ya miraba kama kipande cha chokoleti, ili mguu usiteleze. Pembeni yake lilikuwapo jingine. Na jingine.

"Mama!" nikamwita jirani. "Njoo uone!"

Alisimama juu ya kreti yake, akachungulia. "Ni barabara," akasema.

Ilikuwa njia. Upana wake kama mlango, ikitoka jikoni na kwenda moja kwa moja hadi ukuta wa mwisho, imefukiwa chini ya udongo wa kina cha kiganja kizima. Mtu fulani aliwahi kupiga magoti pale nilipopiga mimi, akayapanga tofali kwa tofali, tena kwa uzi, maana mstari wake haukupinda. Nilitaka kuifukua yote siku ile ile. Nikasema nifike kwenye mti mkavu uliokuwa kando yake tu, kisha nikasema nimalize na pembe iliyofuata.

Nilisikia kishindo ndani ya nyumba.

Nilikimbia na udongo wangu miguuni. Mume wangu alikuwa chini, kwenye sakafu ya jikoni, amelala ubavu, fremu yake imeanguka juu ya mguu wake. Saa ya ukutani ilinionesha kwamba nimekaa nje zaidi ya saa mbili. Alikuwa ameamka, ameita bila shaka, "basi" na "basi" na "basi", na mimi sikusikia. Alikuwa amelowa. Hakuwa amevunjika popote, alhamdulillahi, lakini ilinichukua muda mrefu kumwinua, na wakati wote huo hakunitazama, na mimi sikuweza kumtazama. Nilimwosha. Nilimbadilisha nguo. Mikono yangu iliacha alama za udongo kwenye shati lake safi, ikabidi nimbadilishe tena.

Nikaufunga mlango wa nyuma kwa ufunguo. Nilimrudishia jirani jembe lake, nikamwambia imetosha, kila mtu na alichoandikiwa. Hakubishana na mimi. Alilipokea, akasema atalitunza.

Wiki nzima nilikaa ndani saa ile ya alasiri nikimtazama mume wangu akilala. Sikulala mimi. Nilikaa nikihesabu makosa yangu, na kila nilipoyamaliza nilianza upya. Nilijiambia kwamba binti yetu ana haki. Mtu aliyechoka kiasi cha kumsahau mumewe sakafuni hafai kuachiwa mgonjwa. Mara mbili nilishika simu nimwambie, na mara mbili nikairudisha mezani.

Siku ya nane mume wangu aliamka mapema. Nilimletea chai, akaisukuma. "Hapana." Nilimletea kikojoleo. "Hapana." Nikamrekebishia mto, nikamfungulia redio, nikamfungia redio. Aliinua mkono wake ulio mzima, akanyoosha kidole kuelekea jikoni, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa kujikaza.

"Unataka kula?"

"Hapana!"

Nikamweka kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma hadi jikoni. Akaendelea kunyoosha kidole. Mlango wa nyuma. Nikaufungua, na hapo ndipo nikaelewa alichokuwa akifuata siku ile alipoanguka. Hakuwa anakuja kuniita. Alikuwa amenisikia nikipiga kelele kwa jirani, njoo uone, njoo uone, naye alikuwa anakuja kuona.

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Yeye alitazama nje kwa muda mrefu, akatazama kile kipande cha njia nilichokifukua, matofali yake yamelowa kwa manyunyu na yanang'aa.

"Basi," akasema. Ile ilikuwa mpya. Sikuwahi kuisikia kabla.

Nilimfuata jirani kuomba jembe. Alikuwa amelisafisha na kulipaka mafuta ya kupikia.

Kuanzia hapo alasiri zetu zilibadilika. Nilimweka mlangoni na blanketi magotini, kofia yake ya kiua kichwani, nami nikafukua mbele ya macho yake. Hakuwahi kulima maisha yake yote, lakini alijua ninavyopaswa kulima. Nikiacha tofali limeinama, alipiga fremu yake chini. "Hapana." Nikilitoa, nikaweka mchanga chini yake, nikaligonga kwa mpini wa jembe mpaka likalala sawa, alitikisa kichwa kukubali. Kulikuwa na tofali moja karibu na mlango alilonikatalia mara tano. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia kwake tangu augue, kwamba kama anajua sana aje alipange mwenyewe. Jirani yangu alicheka nyuma ya uzio. Na mume wangu, kwa upande ule wa mdomo unaomtii, akacheka.

Tulifika ukutani wiki za mwisho za machipuko, wakati miti ya mtaani imeshajaa majani. Binti yetu alikuja siku ya mapumziko, hakujua chochote, sikumwambia kwenye simu. Yule mwanamke wa mazoezi naye alikuwa ameshatufundisha namna ya kukishuka kizingiti. Nilimshika mume wangu mkanda nyuma, binti akatangulia mbele akirudi kinyumenyume mikono ameitanua, na baba akatia fremu yake kwenye tofali la kwanza. Hatua. Akapumua. Hatua. Ilituchukua muda mrefu kufika katikati, ambapo nilikuwa nimeweka kiti. Alipokaa alikuwa anatetemeka mwili mzima, na jasho linamtoka.

Binti alinitazama mikono, kisha akaitazama njia. Aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama ni mimi niliyefanya yote haya. Nikamwambia wenyewe waliofanya walishakufa zamani, mimi nimeondoa udongo tu.

Kuhusu zile nyumba za kulelea wagonjwa tulizungumza siku ile, jikoni, bila kugombana. Sikumwambia hapana moja kwa moja. Nilimwambia ukweli, kwamba nimewahi kutamani, na kwamba ipo siku huenda nikashindwa, na siku hiyo nitampigia yeye kwanza. Aliposikia hivyo alilia, akaniambia, "Pole mama," kwa Kiswahili. Tukaandika siku zake za kuja, mara moja kwa mwezi, ili nami nilale.

Sitaki kusema kwamba ua umetuponya. Mume wangu bado ana maneno mawili. Mashuka bado yapo. Asubuhi nyingine nashuka kitandani na miguu yangu inakataa sakafu. Lakini ua upo, na kando ya njia nimepanda mchicha, ambao jirani yangu anauita lengalenga na anasema mbegu zake ndizo zinazoota vizuri huku, nami namwachia ushindi huo.

Alasiri moja mwezi uliopita nilikuwa nimemaliza kupalilia, nikakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, mgongo ukutani, nipumzike kidogo tu. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, jua limempiga usoni. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika miguuni mwangu, shingo imekakamaa, na jirani yangu amesimama nyuma ya uzio ananitazama, kimya, kitu ambacho si desturi yake.

"Umekaa hapo tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu zamani. Nilikuja kukuita, ule mbwana wako akanikataza." Akaweka kidole mdomoni kunionesha alivyofanyiwa. "Nikisema kidogo tu, ananiangalia mubaya."

Nikamgeukia mume wangu. Kidole chake kilikuwa bado kimeinuliwa kidogo kutoka kwenye mkono wa kiti, tayari kwa yeyote atakayefungua kinywa.